Nduthi ya Stima Ikizima Njiani, Spana Yako Itafungua Nini?

Inua kiti cha nduthi yoyote pale stage. Utapata nini? Spana ya 10, ya 12, ya 14, bisibisi iliyochakaa mkono, kipande cha tubu nzee ya kuziba pancha, na kichupa cha oili chafu ya kupaka chaini. Hiyo ndiyo bima ya kweli ya boda wa Kenya. Ile nyingine ya karatasi ni ya kuonyesha karao. Sasa shida ni moja: venye mambo yanaenda, hizo spana ziko karibu kukosa kazi.

Umeziona mtaani. Nduthi za stima, zinapita kimya hadi unashtuka ikiwa imefika kwa kisigino. Spiro, Roam, Ampersand, ARC Ride, majina tayari unayajua. Msee anaingia kwa kituo, anachomoa betri iliyoisha, anaweka iliyojaa, anasonga. Dakika chache tu. Ukisikiza story zote kuhusu hizi nduthi, kwa redio, kwa TikTok, hata kwa wanasiasa, utasikia swali moja tu: ni gani inakula doh kidogo, petroli ama stima? Swali poa. Lakini kuna lingine ambalo watu wanaliruka, na ndilo litaamua kama wewe ni mwenye nduthi ama ni mpangaji wa nduthi. Ikiharibika, nani ana ruhusa ya kuifungua?

Kwanza tuelewane venye tulifika hapa. Nduthi zilijaa Kenya kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki ndogo. Watu wengi husimulia hiyo sehemu ya kodi na kuishia hapo. Lakini ushuru peke yake haungetosha kufanya mashine iishi Turkana, Kisii na Kayole kwa wakati mmoja. Kilichofanya nduthi ishike ni kwamba ni mashine rahisi. Injini ya silinda moja, inapoozwa na upepo, karbureta unaweza kufungua ukiwa umekaa kwa jerikeni. Kijana aliyeacha shule darasa la nane anajifunza kuikarabati kwa miezi kadhaa akiwa chini ya fundi mwingine. Ndiyo maana kila stage iko na fundi wake, na kila fundi ako na vijana wawili watatu wanaomshikia spana.

Na wewe mwenyewe, kama unaendesha, kuna kazi huwezi kumpelekea fundi bila kuchekwa. Kukaza chaini, kwa mfano. Unalegeza nati ya ekseli ya nyuma, unazungusha vile viregulata viwili vya pembeni sawasawa, unabonyeza chaini katikati kwa kidole uone inacheza kama sentimita mbili na nusu hadi tatu. Ikikaa ngumu sana inakula beringi, ikilegea sana inaruka meno ukiwa umebeba abiria mlimani. Kisha oili. Lita moja haifiki thao, unamwaga ile nyeusi injini ikiwa bado moto, unaweka mpya, maisha inaendelea. Plagi ni soo mbili tatu, unaitoa, unaangalia rangi. Ikiwa nyeusi na masizi kavu, petroli inaingia mingi kuliko hewa, ama filta ya hewa imejaa vumbi. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, anza kuweka akiba, ju ringi za pistoni zinakuaga. Ikiwa nyeupe kabisa, injini inachemka, na sasa usiendelee na safari ya kwenda ocha.

Unaona hiyo plagi? Hiyo ni mashine inakuambia shida yake bure. Hakuna paswadi. Hakuna mtu wa kupigia simu. Hiyo ndiyo kitu naogopa tutapoteza bila hata kujua tulikuwa nayo.

Lakini tusidanganyane kuhusu petroli. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba hiyo hiyo EPRA ikatangaza petroli ya Nairobi shilingi 211.64 kwa lita, mara ya kwanza kuvuka 200. Julai 2024 ushuru wa kukarabati barabara nao ukatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Msee anayeendesha kutoka asubuhi hadi usiku alihisi kila shilingi. Kwa hivyo mtu akikuambia kuna nduthi haitumii petroli, haihitaji oili, haina plagi, haina karbureta wala klachi, huyo hakudanganyi. Mota ya stima iko na sehemu chache sana zinazosuguana, na kile kisichokuwepo hakiharibiki. Juu ya hayo, karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, si kwa dizeli. Hii si story ya kukataa nduthi ya stima. Mimi naona zitashinda. Kigali tayari wameamua: kutoka Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria huko lazima iwe ya stima. Nairobi tukifika hapo, sijui kama tutakuwa tumeulizwa.

Sasa angalia venye hizi nduthi zinauzwa. Mara nyingi betri si yako. Unanunua chuma, magurudumu na mota, kisha betri unakodi kila unapobadilisha. Kwa pesa inasaidia sana, ju betri ndiyo kitu ghali zaidi kwa hiyo mashine, na wachache wangeweza kuinunua cash. Lakini betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwa nduthi ya kampuni nyingine. Umbo si moja, plagi ya kuunganisha si moja, na hata ukilazimisha ziingie, kompyuta ndogo iliyo ndani ya betri inaulizana na ile ya nduthi kama wanajuana. Kama hawajuani, hakuna moto. Petroli ya kituo hiki ama kile inawaka sawa tu. Hii ni kama kununua nduthi inayokunywa mafuta ya kituo kimoja pekee, milele, kwa bei watakayosema wao.

Halafu kuna kuzimwa kwa mbali. Hii si kitu mpya, wasee wa nduthi za mkopo wanaijua. Unachelewa kulipa, GPS inaonyesha uko wapi, asubuhi unapata chombo hakiwaki. Lakini kwa nduthi ya petroli, ile kifaa cha kufuatilia ni kitu kimeongezwa juu. Mkopo ukiisha kinatolewa, na unabaki na mashine yako. Kwa nduthi ya stima, uwezo wa kuzima uko ndani ya damu ya mashine. Ukimaliza mkopo bado unahitaji betri yao, apu yao na kituo chao. Logbuku itakuwa na jina lako, hiyo ni kweli. Swali ni logbuku inakupa nini kama huwezi kuwasha bila mtu mwingine kukubali.

Tuhesabu. Tuseme unalipa mkopo 450 kwa siku. Nduthi ya petroli inazima saa tatu asubuhi Kawangware. Unasukuma hadi kwa fundi, anapata ni kebo ya klachi, anaweka nyingine, saa nne uko barabarani. Umepoteza saa moja na pesa kidogo. Nduthi ya stima inazima hapo hapo, kwa dashi kunatokea nambari, sema E na tarakimu mbili. Hujui inamaanisha nini. Fundi wa stage hajui. Unapiga simu, unaambiwa teknisheni ako Rongai, atakuja baadaye. Pengine ni waya umelegea nyuma ya taa, kitu cha dakika tano. Lakini hiyo siku imekufa na zile 450 bado zinadaiwa. Siku mbili za hivyo kwa mwezi na ile hesabu tamu ya stima dhidi ya petroli inaanza kubadilika. Hii hesabu ni ya mfano tu, ila ukiongea na mtu yeyote wa mkopo atakuambia siku iliyokufa ndiyo inaumiza kuliko bei ya lita.

Kampuni ziko na majibu, na mengine ni ya maana. La kwanza ni usalama. Nyingi za hizi nduthi zinatumia betri za karibu volti 72. Viwango vya kimataifa vya magari vinachukulia stima ya moja kwa moja inayozidi volti 60 kuwa ya hatari, na betri ya lithiamu iliyotobolewa ama kuunganishwa vibaya inaweza kuwaka moto usiozimika kwa maji ya ndoo. Ukiniambia fundi asiye na mafunzo asifungue betri yenyewe, nakubaliana na wewe asilimia mia. Kuna mambo ya mtaani huwezi kujaribu ukitumia koleo na imani.

Jibu la pili ni wizi. Betri inayoingia kwa nduthi yoyote inaweza kuibwa na kuuzwa popote. Kweli. Lakini tulisikia maneno yanayofanana na haya kuhusu spea za kawaida, na bado Grogan iko wazi kila siku. Wizi unapambana nao kwa nambari za usajili na polisi wanaofanya kazi. Kufungia kila mteja kwa kampuni moja kunalinda nani zaidi, wewe ama kampuni?

Kwa maoni yangu, hapo ndipo watu wanachanganya vitu viwili makusudi. Betri ni sanduku moja. Nje ya hilo sanduku kuna mota, kontrola, kishikio cha kuongeza kasi, sensa za breki, waya na viunganishi, taa, shoki, beringi. Hakuna sababu ya usalama ya kuficha maana ya nambari ya hitilafu. Hakuna mtu amewahi kuchomeka kwa kujua E fulani inamaanisha swichi ya breki imekwama. Mchoro wa waya si siri ya kijeshi. Wakikuambia nduthi yote ni hatari kuguswa ju betri ni hatari, ni kama kusema usibadilishe tairi la gari ju kuna petroli kwa tangi.

Na Kenya tumewahi kupigana vita kama hii, ila vilikuwa vya simu. Kabla ya 2011, ukitaka kuhama mtandao ulipoteza namba yako, kwa hivyo wengi walivumilia tu. Aprili 2011 ikawezekana kuhama na namba. Ajenti wa M-Pesa naye alikuwa amefungwa asihudumie mtandao mwingine hadi 2014, Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia kati na Safaricom ikafungua. Safaricom haikufa. Mteja ndiye alipata pumzi.

Nje pia kuna mifano. Afrika Kusini, tume yao ya ushindani iliweka mwongozo ulioanza Julai 2021: unaweza kupeleka gari lako kwa gereji ya kujitegemea bila kupoteza waranti yote kwa sababu hiyo tu. Massachusetts huko Marekani, wapiga kura waliamua 2012 kwamba fundi yeyote apate taarifa za ukarabati zile zile zinazopewa wauzaji rasmi. Magari yalipoanza kutuma taarifa hewani, wakarudi debeni 2020 kufunga huo mwanya pia. Watengenezaji wakakimbia kortini karibu mara moja, jambo linalokuonyesha pesa iko wapi. Na Ulaya, kutoka mwisho wa Disemba 2024, simu mpya lazima zitumie chaja ya aina moja. Kama Apple ilikubali kuacha chaja yake, sioni kwa nini plagi ya betri ya nduthi iwe kitu kisichowezekana.

Kwetu, Machi 2024 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilitoa rasimu ya sera ya kitaifa ya usafiri wa stima. EPRA nayo 2023 iliweka bei maalum ya stima ya kuchaji magari. Hizo ni hatua. Katiba, Kifungu cha 46, inakupa wewe kama mteja haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili ufaidi kikamilifu bidhaa uliyonunua. Soma hayo maneno tena. Nambari ya hitilafu isiyo na maelezo, iko wapi hiyo taarifa? Mimi si wakili, lakini ningependa sana kusikia wakili wa kampuni akijibu hilo mbele ya jaji.

Kwa sasa, kama tayari unaendesha ya stima, usikae tu mikono mfukoni. Kuna kazi nyingi bado ni zako, na zinalipa. Pima upepo wa tairi kila wiki. Kwa petroli tairi laini inakuibia mafuta pole pole na hujui. Kwa stima unaiona waziwazi: betri iliyokuwa inakufikisha na kukurudisha inaishia njiani. Breki zichunguzwe zaidi ya zamani, ju nduthi za stima ni nzito mbele ya macho yako hazionekani hivyo, na mota inavuta kwa nguvu kuanzia sekunde ya kwanza. Zizungushe magurudumu kwa mkono. Ukihisi breki inashika hata ukiwa umeachilia, unalipia stima ya kupasha breki joto.

Carwash ni adui. Ile mashine ya maji ya presha ikielekezwa kwa kontrola ama mahali waya zinaingia kwa mota, maji yanapita penye mvua haingewahi kupita. Tumia kitambaa na ndoo. Viunganishi vya betri vipanguse vikiwa vikavu, kwa kitambaa kikavu, betri ikiwa nje. Ukiona rangi ya kijani ama alama ya kuungua, hapo usisubiri, ripoti na upige picha yenye tarehe.

Na nyinyi wa kupamba nduthi, mnajijua. Taa za LED kila kona, spika, chaja tatu za simu. Kwa ile ya petroli ukikata waya vibaya unachoma fyuzi. Kwa hii, usiguse waya nene za rangi ya chungwa ama zozote zinazotoka moja kwa moja kwa betri kubwa. Taa na honi kwa kawaida zinapata volti 12 kutoka kwa kifaa kinachopunguza stima, na hicho kifaa kimepimwa kubeba mzigo wake pekee. Ukikipachika spika ya nganya kitakufa, taa zitazima usiku ukiwa Thika Road, na waranti itakuwa imeenda na maji. Kama lazima upambe, pamba kwa stika.

Kama bado hujanunua, usianze na swali la bei ya kubadilisha betri. Anza na haya, na uliza mbele ya shahidi. Mkopo ukiisha, wataondoa uwezo wa kuzima nduthi, ama utabaki? Wataandika hapo kwa mkataba? Bei ya kukodi betri inaweza kupanda bila wewe kukubali? Kampuni ikifunga duka, hiyo nduthi itachajiwa wapi? Stima ya nchi ikipotea kama ile siku ya Agosti 2023 Kenya nzima iliingia giza, vituo vyao vina akiba ya saa ngapi? Kebo na kishikio cha kasi vinauzwa wapi, na fundi wako akiviweka waranti inabaki? Ukijibiwa kwa tabasamu na fulana ya bure, hiyo ni jibu pia.

Mafundi nao hawajalala. Wale waliofungua karbureta kwa miaka wanaweza kufanya mitihani ya NITA ya ufundi bila kurudi form one, na mita ya kupima volti unaipata Luthuli Avenue kwa bei ambayo fundi wa stage anaweza kuimudu. Fundi akiwa na hiyo mita, atapima kama stima inafika kwa kontrola na kama inatoka. Atajua waya gani imekatika. Kwa kuangalia tu, bila mtu kumfundisha, atafika mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mahali atakwama ni nambari ile ya kwa dashi. Maana yake iko kwa laptopu, kwa ofisi, na laptopu iko na paswadi.